Kibofu si mfuko wa kuficha siri

Kuna swali ambalo vijana wengi wakiulizwa hospitalini hudanganya hata kabla halijaisha: "Kuna kitu uliingiza?"

Mtu amekuja akiwa amejikunja. Anakojoa damu. Kila baada ya dakika 10 anakimbia msalani, na kinachotoka ni matone mawili yanayochoma kama pilipili. Akiulizwa, anasema alianguka kwa ngazi. Au ni baridi ya Julai. Au ni chakula cha kibanda fulani. Eksrei ikirudi, kuna waya umejikunja ndani ya kibofu kama nyoka aliyelala.

Najua umeanza kucheka. Cheka umalize, halafu tuongee.

Picha za aina hiyo huzunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anaituma, mwingine anaweka kichwa cha utani, wa tatu anatag beshte yake, na ndani ya saa moja imefika hadi grupu la kanisa. Sijawahi kuona mtu akiuliza huyo aliyepigwa hiyo picha aliishia wapi. Na ni kicheko hicho hicho kinachofanya msee mwingine akae nyumbani wiki tatu akimeza dawa za kununua kwa duka la dawa, ilhali kilichomo ndani yake hakiyeyuki.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, na sikuwa nikisomea mambo ya mwili. Lakini suala hili limenikaa kichwani kwa sababu ya watu wawili ninaowajua mtaani, na hakuna hata mmoja wao aliyejiingizia chochote. Nitawafikia.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima hubeba karibu nusu lita kabla ya kuanza kukupigia kelele kwelikweli. Figo nazo hazilali: kwa siku zinatengeneza kati ya lita 1 na 2 za mkojo, na wote hupitia hapo. Mlango wa kutokea ni mrija mmoja tu. Kwa wanawake mrija huo ni mfupi, sentimita 4 hivi, na ndiyo sababu bakteria hufika kibofuni haraka na maambukizi ya mkojo huwasumbua zaidi. Kwa wanaume ni mrefu, kama sentimita 20, na una kona.

Hizo kona ndizo huleta balaa. Kitu chembamba na laini kikishapita kona, hakirudi kirahisi. Mtu akishtuka misuli ya nyonga hukaza, na kukaza huko kunaweza kukivuta ndani badala ya kukitoa. Waya mrefu ukifika kibofuni hujizungusha, na mara nyingine hujifunga fundo. Ukiuvuta kwa nguvu, fundo linakwama pale shingoni mwa kibofu na kuchana kila linapopita.

Madaktari wa nchi nyingi wameandika visa vya namna hii kwenye majarida yao. Nyaya za umeme, pini za nywele, kalamu, vipande vya mshumaa, vipimajoto, hata zile sumaku ndogo za duara ambazo watoto huchezea. Hizo sumaku ni noma, kwa sababu zinaingia moja moja kisha zikikutana ndani zinashikana kama mnyororo, na hakuna jinsi zitatoka zilivyoingia. Betri ndogo ni mbaya zaidi. Yenyewe haingoji wiki. Ikianza kuvuja, kemikali yake inachoma ukuta wa kibofu.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Wengine ni kutafuta raha. Wengine ni udadisi, hasa watoto na vijana wadogo. Wengine walikuwa wamelewa. Wengine wana ugonjwa wa akili na hawajapata wa kuwasaidia. Kuna wazee ambao mkojo umewaziba usiku, hawana nauli, na wakajaribu kujizibua wenyewe na chochote kilichokuwa karibu. Na kuna waliofanyiwa ukatili na mtu mwingine. Kwa hivyo ukiona ile picha kwenye simu, hujui ni stori gani kati ya hizo unayoicheka.

Ukitaka kuelewa kinachofuata kitu kikibaki ndani, angalia ndani ya birika la mtu anayechemsha maji ya chumvi, yale ya visima vya kuchimbwa kule Kitengela kwa mfano. Ganda jeupe, gumu, linang'ang'ania chuma hadi ulikwangue na kijiko. Mkojo nao una madini yaliyoyeyuka: kalisiamu, magnesi, fosfeti na mengine. Kwa kawaida unayakojoa yakaenda zake. Lakini ukiyapa kitu cha kushika, yanashika. Siku ya kwanza ni ukungu. Baada ya wiki ni unga. Baada ya miezi ni jiwe, na katikati ya jiwe hilo, ukilipasua, utakuta ile pini.

Bakteria husaidia kazi hiyo. Wakishakalia kitu kisicho cha mwili, hujijengea utando wa utelezi na kujificha chini yake. Dawa unazomeza zinawaua wanaoogelea kwenye mkojo, wale wa chini ya utando wanabaki. Unapata nafuu siku tano, unafurahi, halafu inarudi. Kuna aina moja, Proteus mirabilis, ambayo huvunja yurea iliyo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo unapoteza asidi yake, na madini yanaganda haraka zaidi. Ndiyo maana mkojo wa mtu kama huyo unaweza kunuka kama choo cha stendi.

Kutoka hapo mambo yana njia nyingi za kuharibika. Kitu chenye ncha kinaweza kutoboa ukuta wa kibofu. Kwa mwanamke kinaweza kula ukuta taratibu hadi kutoboa tundu kati ya kibofu na uke, mkojo ukawa unavuja mchana na usiku bila yeye kujua. Kikiziba njia, mkojo unarudi nyuma hadi figo zinavimba. Bakteria wakiingia kwenye damu, homa inapanda, mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, na hapo hatuongelei aibu tena, tunaongelea ICU. Ila kinachonishangaza ni kwamba kitu kinaweza kukaa miezi mingi bila kuuma sana. Mtu anafikiri ameponea.

Sasa nikufikishe mtaani.

Yule wa kwanza ni kijana wa boda, miaka 24. Gari lilimgonga, mfupa wa nyonga ukavunjika, na mrija wa mkojo ukakatika. Hii ni kawaida kwa ajali za pikipiki kuliko tunavyojua, kwa sababu mrija huo kwa wanaume unapita karibu sana na mifupa ya nyonga. Ukikatika hivyo, mara nyingi madaktari hawakimbilii kuushona. Wanatoboa tumbo la chini, wanaingiza mpira wa mkojo, ule unaoitwa katheta, moja kwa moja hadi kibofuni, kisha unangoja majeraha yatulie. Kungoja huko huwa kama miezi mitatu. Ukiongeza foleni na pesa, inaweza kufika mwaka.

Katheta ya kawaida inashikiliwa ndani na puto dogo ambalo hujazwa maji, mililita 10 hivi. Aliyeifanya ikubalike ni daktari Mmarekani aitwaye Frederic Foley, miaka ya 1930, na hadi leo wauguzi huiita kwa jina lake. Ni kifaa kizuri. Kimeokoa watu wengi. Lakini kwa mwili bado ni mgeni, na yale ya birika yanakihusu pia. Ile ya mpira wa kawaida hubadilishwa kila baada ya wiki nne hivi, ile ya silikoni inaweza kufika wiki 12.

Jamaa wetu alikuwa na ile ya kawaida. Alipitisha miezi miwili.

"Bro, nilikuwa nachagua," aliniambia. "Nauli na pesa ya kubadilishiwa, ama unga. Na mkojo ulikuwa unatoka tu, nikaona si iko sawa."

Usiku mmoja mfuko ukakaa mkavu. Alikunywa maji zaidi akidhani ni kiu, na hilo likamalizia kabisa, kwa sababu figo zilizidi kujaza kibofu ambacho hakina pa kutolea. Anasema alihisi kama tumbo litapasuka. Mwenzake wa stage alimbeba saa nane za usiku. Muuguzi alipoutoa mpira huo kwa shida, alimwonyesha ncha yake: ilikuwa imevaa kitu cheupe kama ganda la yai. Kipande kidogo cha ganda hilo kilibaki kibofuni, na sasa kina mpango wake wa kutolewa.

Kilichoniuma zaidi ni alivyokuwa akiishi. Mfuko wa mkojo anauficha ndani ya koti la mvua, jua likiwaka. Aliacha kwenda kuona mpira. Msichana aliyekuwa anamtoa lunch alimblock bila kumweleza sababu, kwa sababu angeanzia wapi? Mtu wa miaka 24 anatembea na mpira tumboni na hakuna anayemuuliza chochote zaidi ya "utarudi lini kazi?"

Na jambo moja ambalo lazima niliseme hapa kwa wale wanaouguza wazee nyumbani: usiivute katheta. Usikubali mgonjwa aivute. Lile puto lazima kwanza litolewe maji kwa sindano na mtu anayejua. Likivutwa likiwa limejaa linachana mrija, na kidonda kikipona kinaacha kovu linaloubana kwa miaka. Puto likipasuka ndani, vipande vyake hubaki na kuanza safari ile ile ya kuwa jiwe.

Wa pili ni mama mmoja jirani, ambaye watoto wake tulicheza nao. Alikuwa na jiwe la figo. Aliwekewa stenti, mrija laini wa plastiki wa karibu sentimita 25, uliojikunja ncha zote mbili kama mkia wa nguruwe. Ncha moja inakaa kwenye figo, nyingine kibofuni, na mkojo unapita hata kama njia imevimba. Maumivu yakaisha. Na hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu asiye na maumivu anarudi hospitali kufanya nini?

"Mama, si walikuambia urudi itolewe?" nilimuuliza.

"Kijana wangu, waliniambia nirudi kliniki. Hawakuniambia kuna kitu ndani."

Huenda waliambia, huenda alikuwa bado na usingizi wa dawa, siwezi kuapa. Lakini karatasi niliiona mwenyewe. Imeandikwa kwa ule mwandiko, kwa Kiingereza, na hakuna tarehe ya kutoa stenti popote. Miaka miwili baadaye alianza kukojoa damu na mgongo ukamkamata. Ncha zote mbili zilikuwa zimekuwa mawe. Kitu ambacho kingetolewa kwa kamera ndogo kwa dakika chache kilichukua upasuaji mara tatu, na aliambiwa figo ya upande huo imebakiwa na nguvu kidogo sana.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ambao takwimu zake bado hurejelewa. Stenti zilizotolewa kabla ya wiki 6, zilizokuwa zimeganda madini zilikuwa karibu 9 kati ya 100. Kati ya wiki 6 na 12, zikawa karibu 48. Baada ya hapo, 76. Soma tena huo mpangilio, halafu fikiria miaka miwili.

Kwa maoni yangu mgonjwa hapaswi kutoka wodini bila ujumbe kwenye simu yake, kwa lugha anayoelewa, unaosema: una kitu ndani, kitatolewa tarehe fulani. Benki hunikumbusha deni la shilingi 300 kila asubuhi. Hospitali nazo zinaweza kumkumbusha mtu kuhusu figo yake.

Koili nayo sitaiacha, ingawa nitaigusa kwa tahadhari kwa sababu sitaki mtu akimbie kuitoa. Koili ni salama kwa wengi mno. Lakini mara chache sana, kama kwa mwanamke 1 kati ya 1,000, inaweza kutoboa ukuta wa mji wa mimba, na katika hao wachache kuna ambao kwao husafiri hadi kibofuni na kujengewa jiwe huko. Dalili yake huwa ni maambukizi ya mkojo yasiyokwisha, au uzi kutoweka, au mimba isiyotarajiwa. Uzi ukipotea usiamue mwenyewe kwamba ilidondoka chooni. Ipigwe picha hadi ionekane iko wapi.

Na kwa wenzetu wa Kwale, Kilifi na Tana River, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho. Mayai ya mnyoo huyo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kwa miaka yanaweza kuleta hata saratani. Kina kipimo na kina dawa. Kule kwingine kuna vijana wameambiwa ni ugonjwa wa zinaa bila kupimwa, jambo ambalo ni uvivu tu.

Kwa hivyo ukishaingiza kitu, au ukishuku kimebaki, ni nini hufanyika hospitalini? Kwanza picha. Eksrei inaonyesha chuma vizuri, lakini plastiki inaweza isionekane, ndiyo maana ukisema uongo unaweza kurudishwa nyumbani na kitu chako ndani. Altrasaundi husaidia. Kisha kamera nyembamba hupitishwa kwenye mrija ukiwa umepewa dawa ya ganzi au ya usingizi, na kitu kinashikwa na koleo ndogo na kutolewa. Kama jiwe limeshakizunguka, hupasuliwa kwanza, mara nyingi kwa leza. Kikiwa kikubwa mno au kina ncha kali, tumbo la chini linafunguliwa. Tofauti ya hizo njia, kwa mwili na kwa mfuko, huamuliwa zaidi na siku ulizokaa ukinyamaza.

Usijaribu kuvuta na kibano. Usikalie maji moto ukingoja. Sema ni kitu gani, urefu gani, kiliingia lini. Kama unaweza kubeba kingine kama hicho, beba, kitamsaidia daktari kuchagua vifaa.

Na kuhusu kuogopa kuanikwa: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri. Muuguzi au mhudumu anayepiga picha eksrei yako na kuituma kwa marafiki amevunja sheria, na una haki ya kulalamika. Katiba, Ibara ya 43, inasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Mkojo ukiziba kabisa hiyo ni dharura, uwe na SHA ama huna.

Kuna buda mmoja wa London, Samuel Pepys, ambaye shajara yake husomwa hadi leo. Tarehe 26 Machi 1658 alitolewa jiwe kibofuni bila dawa ya usingizi, maana haikuwepo. Jiwe lake halikutokana na kuingiza kitu, lakini lilikuwa karibu ukubwa wa mpira wa tenisi. Jamaa alipona, akalitengenezea kijisanduku, akawa akiwaonyesha watu, na kila mwaka tarehe hiyo alipenda kuandaa mlo na kualika marafiki. Sisemi uweke pini yako kwa kabati la vyombo sebuleni. Lakini huyo alikuwa na marafiki waliojua alichopitia, na walikuja wakala.

Yule kijana wa boda ameshapata tarehe ya kurekebishwa mrija. Kabla ya hapo anabadilisha mpira kila wiki ya nne, Jumanne, siku ambayo stage yao haina kazi nyingi. Wenzake walianza kumchangia nauli baada ya ule usiku, na anayeshika daftari ni yule aliyembeba.